Bafle ya Kushoto Hailii

Karuba, tarehe 9 Machi 2021

Mpwa wangu Esdras,

Amani ikukute umesimama, wewe na Gaëlle wako, pamoja na dada yangu Adelaïde, mama yako, ambaye najua atataka umsomee barua hii mara mbili. Mwambie naombea magoti yake. Huku Karuba tuko. Mvua imeanza vizuri, ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, viazi vimeota. Mke wangu Annonciata amekwenda Kashuga kwa dada yake, kumsaidia shambani. Kwa hiyo anayekamua, anayepika na anayefagia ni mimi, na ugali wangu hata mbwa anaunusa kwanza kabla ya kuukubali.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu imeharibika. Siku hizi inanong'ona tu, kama mtu aliyechelewa misa. Na jambo lenyewe ni la kazi yako ya ufundi. Unaijua mashine ya muziki aliyoniachia padri alipostaafu: kile cha kuchezea CD, ampli nzito kama jiwe la kusagia, na zile bafle mbili za mbao zinazotoa sauti. Katikati ya CD na ampli kulikuwa na preampli, kile kisanduku chenye kitufe cha kupandisha na kushusha sauti. Mwezi uliopita radi ilipiga mkaratusi nyuma ya nyumba, ikaingia kwa waya za paneli ya jua, na preampli ikafa palepale. Vingine vilipona.

Nikajaribu kuunganisha CD na ampli moja kwa moja. Kumbe ampli ile haina kitufe cha sauti hata kimoja. Kwaya nzima ya kwenye CD ililipuka mara moja, ng'ombe wakavunja ua, na jirani akaja na panga akidhani tumevamiwa. Ilinibidi nimpe maziwa ili aamini.

Nitafutie preampli nyingine. Vyombo vya Mubi yote vinapita mikononi mwako, hutakosa. Lakini sikia vizuri: nataka yenye nguvu, inayoongeza. Ile ya padri siku za mwisho ilikuwa imechoka, nilizungusha kitufe mpaka mwisho na bado waimbaji walikuwa mbali.

Mjomba wako ambaye jioni zake zimepoa,
Léopold

*

Mubi, tarehe 2 Aprili 2021

Mjomba Léopold,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Barua yako imefika ikinuka mazutu ya injini, maana dereva Sylvain aliiweka chini ya kiti cha lori wakati barabara imekatika. Mubi ni matope, pikipiki na kelele, kama ulivyoiacha. Mama anasema maombi yako yafanyie kazi goti la kuume kwanza, ndilo linalomsumbua usiku. Na Gaëlle ana mimba. Haya, umejua kabla ya wakwe zangu, usinichongee.

Sasa preampli. Ziko za aina mbili. Kuna aktifu, inayokula umeme na kuongeza sauti. Na kuna pasifu, isiyokula umeme na isiyoongeza kitu: ndani yake ni waya, vitufe, na vipande vidogo vya kuzuia sauti isipite yote. Mimi nakushauri pasifu. Hiyo CD yako inatoa nguvu nyingi kuliko ampli inavyoomba, waulize ng'ombe. Huhitaji kuongezewa, unahitaji kupimiwa. Robine ya bomba haizai maji, mjomba, kazi yake ni kuyapima. Tena paneli yako ni moja, na haina haja ya mlaji mwingine. Tena pasifu haina ule mvumo wa chini chini, kwaya utaisikia safi kama iko chumbani.

Udhaifu wake ni mmoja: waya zikiwa ndefu, sauti inafifia. Weka CD na ampli karibu karibu. Ziko pasifu rahisi za kitufe kimoja, lakini ukishusha sauti, upande mmoja unaushinda mwingine. Mimi nitakutengenezea ya vidato, inayolia "ka, ka, ka" ukizungusha, yenye vitufe viwili, kimoja cha kila bafle. Katika barabara hii yote hakuna mwenye mkono wa kuifanya hiyo isipokuwa mtoto wa dada yako.

Na sasa lile lingine, usikasirike. Sylvain alipakia mizigo Kashuga, akamkuta Mama Annonciata. Anasema Mama Annonciata amepanda maharage yake mwenyewe, mistari mizima. Mjomba, mwanamke aliyekuja kutembea hapandi maharage. Sylvain alipomuuliza atarudi lini, alimjibu hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Ambia Esdras, mujomba yake hasikiake tena. Minasema, hasikie. Minarudilia, hasikie. Nimechoka kuongea na ukuta."

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi na la mke pia. Mtu mzima akiwa mkaidi, nyumba ndiyo inayolipa. Mfuate Mama Annonciata kabla hajavuna huko.

Mtoto wa dada yako, mwenye mdomo mrefu,
Esdras

*

Karuba, tarehe 20 Mei 2021

Esdras,

Salamu. Tuko wazima. Ndama anakua. Viazi vilipata ugonjwa wa majani, nikavipoteza nusu. Gaëlle apumzike, asibebe maji. Hiyo mimba sikumwambia mtu yeyote, na hapa hakuna wa kumwambia.

Umeniandikia neno "pasifu" kama vile ni sifa. Miaka yote niliyoongoza kwaya ya parokia, kila mkutano padri alitulilia wakristo pasifu. Wakristo pasifu ndio wanaokaa nyuma, hawaimbi, hawatoi, hawajibu. Leo mpwa wangu anataka kuniletea nyumbani kisanduku cha namna hiyo na kunisifia kwamba hakiongezi kitu. Mimi niliomba chenye nguvu. Tangu lini mtu akiomba ng'ombe anapewa kamba?

Lakini najua hutaniacha, umerithi ubishi wa upande wa mama. Tuma hicho ulicho nacho, nitakiona.

Mambo ya nyumba yangu hayapandi lori la Sylvain.

Léopold

*

Mubi, tarehe 15 Juni 2021

Mjomba wangu,

Nimesoma mstari wako wa mwisho na nimeufunga mdomo wangu, ingawa unauma. Mama yangu ameniambia nikuombe radhi kwa kukuita mkaidi kwenye karatasi. Anasema mkaidi huitwa hivyo uso kwa uso. Basi radhi.

Kisanduku ndicho hiki, kimefungwa ndani ya kitenge cha Gaëlle, na kitenge hicho anakitaka kirudi. Nimekitengeneza kwa mbao za libuyu, vidato vyake nimevipima kimoja kimoja. Mbele kuna vitufe viwili: cha kushoto ni cha bafle ya kushoto, cha kuume ni cha bafle ya kuume. Nyuma nimeandika kwa rangi wapi inaingia CD na wapi inatokea kwenda ampli. Anza vyote viwili chini kabisa, upandishe pole pole, ng'ombe wasisumbuke.

Kaa kwenye kiti katikati ya bafle mbili. Ukiwa umeweka vizuri, utaona kama waimbaji wamesimama mbele yako: soprano upande huu, besi upande ule, na katikati yule mwimbaji wa peke yake. Hapo ndipo utakaponielewa kwa nini nilikataa kukuletea kinachoongeza. Niandikie upesi, hamu yangu haina adabu.

Esdras

*

Karuba, tarehe 28 Julai 2021

Mpwa wangu fundi mkuu,

Salamu kwa wote. Kitenge cha Gaëlle kimerudi na barua hii, nimekifua. Anakaribia kujifungua, mwambie mjomba wake wa Karuba ametenga kuku.

Kisanduku ni kizuri kwa macho. Nilikiunganisha kama ulivyoandika, nikakaa katikati. Kwaya ikaimba. Esdras, bafle ya kuume inaimba kama mbinguni. Bafle ya kushoto hailii. Nimepandisha kitufe chake mpaka kidato cha mwisho, nikasikia kitu kidogo sana, kama watu wanaimba ng'ambo ya kilima. Kumbe ulisema kweli: kisanduku chako ni pasifu kabisa, cha upande mmoja, kama mkristo anayekuja misa na kuacha moyo sokoni.

Sikulaumu, hata mkono mzuri unakosa. Niambie nifanye nini.

Habari nyingine: kwaya nimeiacha. Nimewaambia nimezeeka, wamtafute mwingine. Walinishukuru kwa makofi.

Léopold

*

Mubi, tarehe 12 Agosti 2021

Mjomba,

Gaëlle amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, na Mama ameanza kutembea bila fimbo kwa furaha. Jina tunangojea kwako.

Kuhusu kisanduku, kimenitesa rohoni. Nilikijaribu hapa mbele ya watu, pande zote mbili zililia sawa. Ndani hamna kinachoweza kuchoka, ni waya tu na risasi ya kuziungia. Sitaki kubishana kwa maneno, kwa hiyo tutatafuta ugonjwa kama tunavyofanya kazini: tunahamisha kitu kimoja, tunaangalia kama ugonjwa umehama nacho.

Kwanza, nyuma ya kisanduku, waya ya kushoto iweke kuume, na ya kuume iweke kushoto. Kama bafle ya kuume ndiyo inayonyamaza, kosa ni langu, nitakitengeneza upya na nitanyamaza mwaka mzima. Kama bado ni ya kushoto, basi pili, badilisha bafle zenyewe: ya kushoto iende kuume. Labda panya wamekula ndani.

Usiruke hatua. Halafu unijibu kila kitu, hata kinachoonekana cha kijinga. Na kwa nini umeacha kwaya? Kwaya ile ni wewe.

Esdras

*

Karuba, tarehe 10 Septemba 2021

Mpwa wangu,

Tumshukuru Mungu kwa mtoto. Jina nitakupa, niache nifikiri.

Nimefanya ulivyosema. Nilihamisha waya: kushoto bado kimya. Nilihamisha bafle, na kwa kuwa niko peke yangu niliziburuta sakafuni kama mtu anayehama: kushoto bado kimya. Panya hawajala kitu, nilifungua nikaangalia. Nikabadilisha hata meza. Kushoto kimya.

Nikakaa. Nikakuapiza wewe na kazi yako yote. Halafu nikafikiri: kitu kimoja tu sijakihamisha. Nikageuza kiti. Nikakaa nimeipa mashine mgongo, nikitazama mlango.

Bafle iliyokuwa kimya ikaanza kuimba. Na ile iliyokuwa inaimba kama mbinguni ikanyamaza.

Niligeuza kiti tena, na tena. Sitaandika zaidi leo.

Léopold

*

Mubi, tarehe 25 Septemba 2021

Mjomba wangu mpenzi,

Barua yako niliisoma nimesimama dukani, nikafunga duka. Nitaandika wazi, kwa sababu kukwepa kumetupoteza miezi.

Kisanduku ni kizima, bafle ni nzima. Ni sikio lako la kushoto. Na wewe ulijua kabla ya kiti, nadhani. Ulijua kwenye simu inayonong'ona, maana simu unaishika kwa mkono wa kushoto. Ulijua kwenye kwaya. Mimi niliyejisifu kwamba nahamisha kitu kimoja kimoja, sikuwahi kufikiri kukuhamisha wewe.

Nilimsomea Mama. Alicheka kwanza kwa habari za kiti, kisha akaacha kucheka. Akasema babu yetu naye, baba yenu, mtaa wote ulimwita mtu asiyesikia. Watoto walichapwa kwa kuwa wakaidi kama yeye. Hakuna aliyewaza kwamba neno ni lile lile, kwa mkaidi na kwa kiziwi. Na mimi nilikutumia methali, Mjomba. Mama Annonciata aliniletea habari ya ugonjwa wako kwa lori, naye mwenyewe hakujua kama ni ugonjwa, nami nikaipokea kama mashtaka. Inaniuma sana.

Mkeo anadhani ulimdharau. Anadhani miezi hii yote ulimsikia, ukachagua kutojibu. Sylvain anasema amevuna maharage, na sasa amemwomba dada yake kiwanja cha kujenga nyumba ndogo. Akishajenga, sijui kama kuna neno litakalomfikia. Mimi simwandikii, ulisema mambo ya nyumba yako hayapandi lori, na hili ni lako kweli. Lakini nenda. Na ukipita hospitali, wakuangalie sikio, huenda ni jambo la kusafisha tu. Mimi si mganga, naomba tu.

Mtoto wako,
Esdras

*

Kashuga, tarehe 7 Novemba 2021

Esdras, mwanangu,

Wasalimie wote, dada yangu awe wa kwanza. Mtoto aitwe Annonciata, kama Gaëlle atakubali. Angalia nimeandika barua hii wapi, utaelewa kwa nini nimechelewa.

Nikuambie kwanza kwa nini sikuja huku mapema. Unajua desturi yetu: mke akirudi kwao, bwana anakwenda na mbuzi na pombe ya ndizi, anakaa mbele ya shemeji zake, nao wanazungumza naye kwa sauti ya chini, maana heshima hairuhusu kumpigia mkwe kelele. Wananong'ona, naye anajibu. Mimi nilijiona nimekaa pale, shemeji ananong'ona "Ulimupiga?" na mimi najibu "Ndiyo" kwa kuitikia tu. Nililala nikiliwaza hilo. Tena mkaidi watu wanamwogopa, lakini kiziwi wanaongea juu ya kichwa chake kama hayupo. Nikachagua kuitwa mkaidi. Nilikuwa mjinga, na nilikuwa na haya.

Hospitali waliniangalia. Hakuna cha kusafisha. La kushoto limekufa, la kuume liko na nguvu, wakasema nilitunze. Nililia kidogo barabarani, sikufichi, kisha nikapanda pikipiki na mbuzi mapajani. Barabara ilikuwa na vizuizi na maneno, lakini mbuzi anafungua njia kuliko karatasi.

Shemeji zangu walinikalisha mahali pa mgeni, karibu na mlango. Nikasimama. Mkwe hasimami, kwa hiyo wote waliinua vichwa. Nikasema: "Munisamehe. Minaomba nikae kule, munibakie wote kwa mukono ya kuume. Ya kushoto, sikio ilikufa. Hainasikiaka kitu. Iko tangu mwaka muzima, na bibi yangu Annonciata sikumuambia."

Shemeji mkubwa akaniuliza kwa sauti ya kawaida kama ni kweli. Halafu wakahama wote, wazee kwa vijana, na vibao vyao, wakaja upande wa kuume. Hakuna aliyecheka. Annonciata alikuwa amesimama nyuma na sinia, akaliweka chini, akatoka nje.

Nilidhani ndiyo mwisho. Tulikunywa, tukaongea mvua na ng'ombe. Alirudi macho yamevimba, akaja kukaa, akaanza kupita kushoto kwangu kama siku zote, maana nyumbani kigoda chake kiko upande huo wa moto, tangu nilipomwoa. Akasimama. Akazunguka mgongo wangu, akakaa kuume.

Nikamuuliza siku ile alipoondoka alisema nini. Mimi nilikuwa napukuchua maharage. Nilimwona tu amesimama mlangoni na mzigo, upande wa kushoto, midomo inatembea kidogo. Nilipoinua kichwa alikuwa amekwisha kwenda, nami nikadhani ameniaga.

Kisha akainama karibu na sikio, akaniambia polepole, shemeji zangu wakijifanya kutazama mbuzi:

"Nilikuambia: Léopold, ukisema nibakie, nitabakia. Nilikuambia ile mara tatu."

Mara tatu, Esdras, na mimi nilikuwa napukuchua maharage.

Nilimshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu, nikamwambia, "Bakia."

Léopold